Mizani ya Nyambiti

Siku ya nne ndege ilikuwa bado imelala kwenye matete. Pua ilikuwa imezama ziwani, mkia umeelekea uwanja ilikotoka, na furukombe mweupe aliyechorwa ubavuni mwake alikuwa ametapakaa tope hadi shingoni. Akina mama waliokuja kufua walikuwa wameshaanza kuanika kanga kwenye bawa.

"Nani amewaruhusu hawa?" aliuliza Inspekta Teodora.

"Nimewafukuza mara tatu, Afande," alisema Koplo Ng'washi. "Wanasema serikali ikilihitaji bawa lake, ije ilichukue."

Teodora aliziacha kanga zikauke. Aligeuka akaanza kuhesabu hatua kutoka mwisho wa lami, akifuata alama za magurudumu. Zilianza kwa kina, zikapotea kabisa kwa hatua arobaini, kisha zikarudi na kuchimba udongo mpaka majini.

"Iliruka," alisema.

"Ikaruka, ikachoka."

Jumamosi mchana, kwenye jua kali la mwezi wa kumi, mwaka huo wa tisini na saba, Furukombe Air ilikuwa imezindua safari yake ya kwanza ya Lusaka. Shirika lilikuwa na umri wa miaka miwili na tayari lilikuwa linatua Entebbe, Nairobi, Kigali na Bujumbura. Kulikuwa na ngoma, hotuba na utepe. Dakika chache baada ya utepe kukatwa, abiria kumi na tisa walikuwa wanatembea kwenye matete, maji kifuani, wanaitana majina. Hakuna aliyekufa. Rubani, Kapteni Iqbal, alivunjika mfupa wa bega, akafungwa bandeji, akapelekwa mahabusu. Mkurugenzi na mwenye shirika, Bwana Shimba, alikuwa ameandika maelezo kurasa tatu kwamba rubani wake alikuwa amelewa.

Kesho saa tatu asubuhi Kapteni angesomewa mashtaka. Teodora alikuwa na siku hii moja.

* * *

"Kapteni, ulikunywa?"

"Mimi nina kisukari, Inspekta. Hata soda ikinizidi nasinzia. Muulize mke wangu."

"Kuna chupa ya konyagi imekutwa kwenye mkoba wako."

"Zawadi. Kila aliyehudhuria alipewa. Mkurugenzi kagawa kwa mkono wake, huku anapigwa picha."

Teodora aliitoa chupa kwenye begi, akaiweka mezani. Kizibo kilikuwa hakijaguswa.

"Nimeiona," alisema. "Nilitaka kusikia utaanzia wapi."

Kapteni Iqbal alicheka kidogo, akashika bega. Alikuwa mtu wa Mtaa wa Rufiji, hapo hapo Mwanza, amezaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, ana miaka ishirini na miwili angani.

"Ilikuwa nzito," alisema. "Nilipoiachia breki nilijua. Ndege iliyoshiba naijua, na iliyovimbiwa naijua. Karatasi ya uzito, abiria na mizigo pamoja, ilisema kilo elfu moja na mia nane. Ndicho kikomo chetu matangi yakiwa yamejaa. Mikono yangu ikasema ni zaidi."

"Mbona hukusimama?"

"Kuna mahali kwenye lami ukishapapita, breki hazikusaidii tena. Nilipapita nikiwa bado naiamini karatasi." Alimwangalia Teodora. "Shimba anataka nioze jela ili bima wamlipe na wakaguzi wa Johannesburg wasimkimbie. Sawa. Lakini nitatoka. Nikitoka nitamfuata mpaka kwenye ngazi za kanisa lake, nimwambie mbele ya waumini alichonifanyia."

"Ukitoka utakwenda nyumbani ukalale."

"Nitalala nikishamwambia."

* * *

Ofisi ya Furukombe Air ilikuwa Nyamagana, ghorofa ya pili, juu ya benki. Bwana Revocatus Shimba alikuwa amesimama mbele ya ramani iliyojaza ukuta. Mwanza ilikuwa imepigwa msumari mkubwa wa shaba, na kutoka hapo nyuzi nyekundu zilikwenda kila upande, kila mji na pini yake. Uzi wa Lusaka ulikuwa mpya. Pembeni kulikuwa na pini mbili zisizo na uzi, Johannesburg na Dubai, na kigurudumu cha uzi kinaning'inia, kinasubiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeziona? Hizo nyuzi zimesokotwa kwa pamba ya Nyambiti. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, wenzangu waliogopa. Mimi niliingia. Misimu miwili tu, nikajenga shirika." Aliigusa pini ya Johannesburg. "Ijumaa watu wa huko wanakuja kukagua. Nataka kabla ya Ijumaa yule mlevi awe na namba ya mfungwa kifuani."

"Ulimwona akinywa?"

"Nilisikia harufu."

"Chupa yake haijafunguliwa, Mzee."

Shimba aliachia pini. "Basi alikunywa nyingine."

Teodora aliandika. "Na wewe mwenyewe ulitakiwa kusafiri siku hiyo."

"Kiti cha kwanza kabisa, cha dirishani. Dakika ishirini kabla, nikaitwa kwenye simu. Vibali vya Johannesburg. Nikamwambia yule msichana wa dirisha la tiketi ampe mwingine kiti. Mungu hakutaka." Alisema hivyo bila kupunguza hasira. "Tena huyo msichana naye umhoji. Modesta. Kuna sanduku sita za minofu ya sangara zimeandikwa zimepakiwa, na hazikuonekana kwenye ndege. Ananiibia samaki! Mimi nikinyang'anywa sisahau, Inspekta. Nina moyo huo toka utoto. Atajuta kuzaliwa."

* * *

Chumba cha baridi cha uwanjani kilikuwa nyuma ya ukumbi wa abiria. Sanduku sita zilikuwa zimepangwa ukutani, lebo za Lusaka juu yake, kamba hazijakatwa.

"Mwizi gani huyu?" alisema Ng'washi. "Anaiba samaki, halafu anawaacha kwenye friji ya tajiri."

Modesta alisimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, sare ya bluu imepigwa pasi kila pindo, nywele zimebanwa nyuma.

"Sikuiba," alisema. "Hazikuingia. Nafasi ilikuwa imejaa."

"Jana nimeingia tumboni mwa ile ndege na gambuti," alisema Teodora. "Nafasi ya sanduku kumi ipo."

"Basi nilikosea, Afande."

"Na kwenye karatasi ukaziacha."

"Nilikosea mara mbili."

Alijibu bila kutetemeka na bila kuomba radhi. Teodora aliichukua karatasi ya uzito, akaipitia tena mstari kwa mstari. Sanduku thelathini, kilo mia tano arobaini. Alilitazama sanduku lililokuwa mbele yake. Kiwanda kilikuwa kimepiga muhuri mkubwa ubavuni: Kilo 20.

"Thelathini mara ishirini ni ngapi, Modesta?"

"Mia sita. Lakini barafu inayeyuka, Afande. Samaki wanapungua njiani toka kiwandani." Maneno yalimtoka haraka, yamepangika, kama salamu.

Ng'washi aliangua kicheko. "Umenikumbusha wanunuzi wa pamba! Ukiwafikishia, eti imekauka, imepungua njiani. Umeitoa shambani juzi, imekauka jua gani?"

Modesta alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kwenu mnalima?"

"Mzee wangu analima mpaka leo. Malya."

"Wa kwangu aliacha."

Teodora aliwaagiza walibebe sanduku moja mpaka ukumbini. Mizani ilikuwa kando ya dirisha la tiketi, ya chuma, ya kusimama juu yake, imepakwa rangi ya bluu ya shirika. Kila abiria alipandishwa hapo na mkoba wake, na kila mzigo pia. Modesta alikisogeza kile kipande cha chuma kwenye ufito wenye namba, akakisogeza tena kidogo, ufito ukatulia.

"Kumi na nane," alisema.

Ng'washi aliinama akahakikisha. Kumi na nane kamili.

Basi karatasi haikudanganya. Kama kuna wizi, ulikuwa kiwandani, na kama kuna uzito uliozidi, haukupitia kwenye mizani hii. Teodora alifunga daftari. Ilikuwa saa nne na nusu, na alichokuwa nacho ni chupa isiyofunguliwa na samaki wasioibiwa.

"Kile kiti alichoacha Mkurugenzi," aliuliza akiwa anaondoka, "ulimpa nani?"

Modesta alikirudisha kwanza kile kipande cha chuma kwenye sifuri, mara mbili.

"Mama mmoja," alisema. "Alikuwa na mtoto."

* * *

Selina, yule mama aliyepewa kiti cha Mkurugenzi, alikuwa anakaa Kiseke, nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa minyaa. Walimkuta uani na mwanawe, Paskazia, uji umemjaa kidevuni, anakamata kijiko kisirudi kwenye kikombe.

"Karibuni, ila mkinijia na habari za ile ndege, sitaki," alisema Selina. "Nimeshahojiwa mara mbili. Niliingia majini nimemnyanyua mtoto juu ya kichwa, nikatoka. Basi. Mume wangu yuko chuoni Lusaka, hajamwona huyu toka alipokuwa wa miezi mitano. Nitamwona nikijaliwa."

"Nisamehe, Mama Paskazia. Nina swali moja tu. Mlipimwa kabla ya kupanda?"

"Tulipimwa." Selina alifuta kidevu cha mtoto kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Na hapo ndipo mnapotakiwa mniambie ninyi wa serikali. Mtoto wangu amepungua kilo nzima kwa siku moja. Nani wa kunijibu hilo?"

Teodora aliketi kwenye kigoda. "Imekuwaje?"

"Nilipomaliza kupimwa nikamwambia yule dada, hebu nipimie na mtoto. Mtu ukiona mizani huachi. Akamkalisha. Kilo tisa. Tisa! Na Ijumaa, jana yake, kliniki ilikuwa kumi." Aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Nilikosa raha ya safari. Nasema ni nini, anaharisha sikuona? Maziwa yamenikauka? Jumatatu, na michubuko yangu hii, nikamrudisha kliniki. Tazama."

Teodora aliishika kadi juani. Kwenye mstari wa kijani nesi alikuwa ameweka nukta ya Ijumaa: kumi. Nukta ya Jumatatu ilikuwa jirani yake: kumi.

"Alipungua Jumamosi tu," alisema taratibu.

"Jumamosi tu. Akiwa uwanja wa ndege."

Ng'washi, aliyekuwa anamkodolea macho Paskazia ili acheke, aliinuka.

"Ulimwambia yule dada?" aliuliza Teodora.

"Nilimwambia! Nikasema, dada, mizani yako inamwonea mwanangu, jana alikuwa kumi. Akaganda. Akamnyanyua Paskazia, akamshika kifuani hivi, muda. Halafu akaniuliza, dada, kwa nini usisubiri ndege ya kesho? Nikamwambia nimesubiri miezi minane, sisubiri hata dakika nane. Akanirudishia mtoto, akatoka mbio kwenda kwenye ndege. Hata dirisha hakufunga."

"Na ulipopanda, ulimwona wapi?"

"Chini ya ndege, anawaambia wapakizi washushe masanduku. Wanabishana naye. Yeye mwenyewe amekumbatia moja, sare yote imelowa."

Teodora alimrudishia kadi, kisha akaiomba tena. "Nitaihitaji. Nitaileta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Usiipoteze, Afande. Ndiyo cheti chake cha kuonyesha nimemlea."

* * *

Njiani walisimama duka la vifaa vya ujenzi, wakaazima mfuko wa saruji. Saa saba walikuwa ukumbini tena. Teodora alipiga simu mbili. Ya kwanza ilimleta Kapteni Iqbal, mkono kwenye bandeji na askari kila upande. Ya pili ilimleta Bwana Shimba kwa gari lake, akiuliza mlangoni kama mlevi ameshakiri. Modesta alikuwa dirishani kwake. Hakuna aliyemwita, lakini alitoka mwenyewe akaja akasimama karibu na mizani.

"Panda, Koplo," alisema Teodora.

Ng'washi alivua kofia, akapanda. Ufito ulitulia.

"Sabini na mbili," alisoma Teodora. "Wiki iliyopita ulipimwa kazini."

"Themanini, Afande. Jamani, nimekonda! Mke wangu atawashtaki."

"Shuka. Weka mfuko."

Mfuko wa saruji ulikuwa umeandikwa kilo hamsini, ungali umeshonwa. Mizani ilisema arobaini na tano.

Shimba alipiga hatua mbele. "Mizani imeharibika. Hicho ndicho mlichoniitia? Vitu vinaharibika."

"Haikuharibika, Mzee. Inapunguza kumi inafanya tisa, kwa kila kitu, bila kukosea. Kwa mtoto wa kilo kumi, kwa sanduku la kilo ishirini, kwa Koplo. Kilo elfu na mia nane za kwenye karatasi ni elfu mbili za kweli." Alimgeukia rubani. "Mia mbili za ziada, Kapteni, jua la mchana, matangi yamejaa. Ingekuwaje?"

"Isingeinuka hata shibiri," alisema Iqbal. Uso ulikuwa umempauka. "Tungeingia ziwani na mwendo wote, maji marefu."

"Lakini ilipunguzwa sanduku sita. Kilo mia na ishirini. Zikabaki themanini za ziada."

"Kama mimi nimening'inia mkiani," alisema Ng'washi, na safari hii hakucheka.

Teodora alichomoa kile kipande cha chuma kwenye ufito. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Chini yake kulikuwa na boliti. Alikwangua kichwa cha boliti kwa wembe, pole pole, wote wakitazama. Rangi ya bluu ilitoka. Chini yake ilitokea ya kijani, ngumu, imefunika boliti na chuma pamoja bila ufa. Akakwangua pia ubao wa mbele wa mizani. Chini ya bluu, kwenye kijani, herufi nyeupe zilitokea moja moja: NYAMBITI 2.

Ng'washi aliifungua boliti kwa spana. Ndani palikuwa pamechimbwa na kujazwa madini mazito ya risasi, ili kile chuma kisawazishe mzigo kikiwa bado kwenye namba ndogo.

"Huyu!" Shimba alimwonyesha Modesta kidole. "Huyu ndiye ameichezea! Mwizi wa samaki, sasa muuaji!"

"Kijani ni rangi ya nani, Mzee?"

Shimba alishusha kidole.

"Mabango yako ya kununua pamba yalikuwa ya kijani," alisema Iqbal. "Mwanza nzima inajua."

"Risasi iliingia kabla ya kijani," alisema Teodora. "Huyu binti umemwajiri mwaka jana. Bluu ya shirika imekuja baadaye. Alichofanya yeye ni kingine. Modesta, mizani hii ilifikaje hapa? Kabla hujajibu, ujue hulazimiki kusema kitu, na utakachosema nitakiandika."

Modesta alitoa karatasi kwenye mfuko wa sare. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, mikunjo imeanza kuchanika.

"Mwezi wa sita ile mizani mpya ilikufa. Mkurugenzi akasema fundi ni ghali. Akaniandikia hii niende ghalani kwake Igoma."

Teodora alisoma kwa sauti. "Mwoneshe huyu mizani za pamba. Achukue yoyote, zote nzima. R. Shimba."

"Zilikuwa nne," alisema Modesta. "Namba mbili ilikuwa nyuma kabisa, chini ya magunia. Nilikaa mchana mzima kuitoa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikainyamazia miezi minne. Safari za Entebbe mizigo ni michache, niliona haitadhuru. Nilikuwa naisubiri siku atakayopanda yeye." Alisema akimwangalia Shimba. "Kiti cha kwanza. Nilimwandikia tiketi kwa mkono wangu. Halafu akaitwa kwenye simu, na yule mama akaniletea mtoto nimpime. Nilitakiwa nisimamishe ndege. Nikaogopa watauliza mizani imetoka wapi, na mimi nilitaka waulize akiwa amekufa. Nikashusha zile nilizoweza kushusha."

"Nimekukosea nini mimi?" Shimba alikuwa anahema. "Nimekupa kazi!"

"Barua yangu ya kuomba kazi uliisoma mbele yangu. Imeandikwa Modesta Chenge, wa Nyambiti. Ukaniuliza kama najua Kiingereza."

"Chenge gani?"

Ng'washi aliiweka spana chini. Hata Kapteni Iqbal alitazama chini.

"Chenge gani," alirudia Modesta. "Msimu wa tisini na tano baba alipima pamba yake kwenye mizani ya zahanati kabla ya kuileta kwako. Alikuwa na karatasi ya mganga. Ikapungua kwenye namba mbili. Akabisha. Ukasema imepungua kwa sababu aliimwagia maji kuongeza uzito, ikakauka njiani. Ukaleta ndoo ya maji, ukailowesha pamba mbele ya watu, ukamvisha shingoni. Mkamzungusha mnadani, anaitwa mwizi, mpaka ofisi ya kata, akalala huko siku tatu. Baba yangu! Alikuwa anaanika pamba yake juu ya mikeka ya kulalia, sisi tunalala chini. Aliporudi hakwenda tena mnadani. Hakwenda kanisani. Mwezi wa pili kiharusi kikamchukua. Na wewe ulikuwa umeshanunua ndege."

Shimba alitoa kitambaa, akajifuta shingo. Aliutazama mlango, akaitazama mizani, akatazama ile karatasi mkononi mwa Teodora. Sauti ilipomtoka tena ilikuwa imebadilika, laini, ya mtu wa vikao.

"Inspekta, binti yangu. Tuzungumze kama watu wazima. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Mimi nina hasira za haraka, lakini si mtu wa visasi. Kapteni, nafuta kila nilichoandika. Kesho unarudi kazini. Na huyu mtoto," alimgeukia Modesta, mikono wazi, "amefiwa, amepotoka, ni wa kuhurumiwa. Nimemsamehe. Sina shauri naye. Hiyo mizani nitaitupa mwenyewe ziwani leo hii, na yaishe. Hakuna haja ya mahakama."

"Kesho sirudi kazini kwako," alisema Iqbal. "Kesho nakwenda kanisani kwako."

"Kapteni," alisema Teodora, "kaa."

Iqbal alikaa.

Modesta hakuwa ameondoa macho kwa Shimba. Alikuwa amejishika mikono, lakini sasa aliiachia.

"Mimi sijakuomba msamaha," alisema. "Na wa kwako siutaki. Ukinisamehe kesi hakuna. Mimi nataka kesi. Nataka hii mizani ibebwe na askari wanne iingizwe mahakamani, ipandishwe mfuko wa saruji mbele ya hakimu, na watu wa Nyambiti wakae pale kwenye mabenchi waone. Nataka waliomwita mwizi wasikie namba. Miaka nitakayofungwa, nitafungwa. Afande, niandike."

"Una hakika unajua unachosema?" aliuliza Teodora. "Kulikuwa na abiria kumi na tisa ndani ya ndege ile. Na mtoto. Hakimu hatalisahau hilo, na mimi sitamsaidia kulisahau."

"Asilisahau. Niandike."

Shimba alikuwa anaelekea mlangoni. Ng'washi alifika kabla yake, kofia kichwani, mwili wake wote wa kilo themanini umeujaza mlango.

"Tunakuhitaji kidogo, Mzee," alisema kwa heshima. "Kuna mambo ya kijani."

Teodora aliifunga mizani kwa kamba, akayeyusha lakiri kwa kiberiti, akagonga muhuri kwenye fundo. Kipande cha chuma na risasi yake alikitia kwenye bahasha, pamoja na kadi ya kliniki ya Paskazia na ile karatasi ya Igoma. Kisha alivuta kiti, akafungua daftari ukurasa mpya.

"Jina kamili."

"Modesta Chenge."

"Jina la baba."

"Chenge, wa Nyambiti."

"Yu hai?"

"Amefariki. Mwezi wa pili, tisini na sita."

"Kazi yake?"

Modesta hakutazama daftari. Alimtazama Shimba, na alisema taratibu, neno moja moja, ili kalamu isiachwe nyuma.

"Mkulima wa pamba," alisema. "Andika na hilo, Afande. Pamba kavu."